Jicho Nyuma ya Rido

Mwaka huu, mwezi wa mavuno ya mchele, ukoo wa marehemu mume wangu ulinichagua mimi Rachida kuwa jicho. Msicheke kwanza. Madaktari walinitoa mtoto wa jicho mwaka jana, na tangu siku ile nimejisifu katika kartiye yote, mtaa mzima, kwamba ninaona hata mende akikonyeza. Basi walinishika kwa maneno yangu mwenyewe.

Nieleze kazi yenyewe. Katika nyumba yetu hapa Kasongo, bibi-arusi anakaa siku sita bila kugusa kitu cha jikoni. Anapikiwa, anapakwa mafuta, anawekwa kama yai. Siku ya saba mama mkwe anapika nyungu moja ya samaki, anahesabu vipande mbele ya wanawake wakubwa, anafunika, anaweka jiwe dogo juu ya kifuniko, na nyungu inabaki mezani katika salon, chumba cha wageni. Kisha wote wanajifunga vikwembe na kuaga kwamba wanaenda kilioni. Bibi-arusi anabaki peke yake na harufu. Peke yake, ndivyo anavyofikiri yeye. Mlango wa depo, pale tunapoweka mchele, hauna ubao, una rido tu, pazia la maua, na nyuma ya rido hiyo amesimama mwanamke mzee mmoja. Huyo ndiye jicho.

Wakirudi wakakuta vipande ni vilevile, bibi-arusi anapewa mwiko, na tangu hapo yeye ndiye anayegawa chakula cha nyumba. Vikipungua, ujumbe unaenda kwao: "Mutoto wenu hajaiva. Kuyeni mumuchukue, mumalizie kumupika." Maneno matamu, lakini kila mtu anajua kwamba enzi za zamani hakuna aliyerudishwa jikoni kwao akaletwa tena mezani kwetu.

Sasa niwape siri ambayo wanaume wa ukoo, isipokuwa mmoja, hawaijui mpaka leo. Katika miaka hamsini hakuna bibi-arusi hata mmoja aliyeanguka egzame hiyo, mtihani wetu wa nyungu. Hata mmoja! Ukoo wetu ulitamba mpaka Nyangwe: sisi tunaoa wanawake wenye mikono safi. Safi gani? Kila mmoja aliambiwa! Mimi niliambiwa nilipokuwa nasukwa nywele, mtu aliinama sikioni kwangu akasema, "Kesho usiguse nyungu, kuna mutu." Kesho yake nilikaa mbele ya nyungu mikono imekunjwa, shingo imenyooka, kama ninapigwa picha ya kadi ya uchaguzi. Jicho la siku ile lilinisifu mpaka nikaona haya. Miaka ilipita, shemeji yangu akamwoa Amisa, nami nikainama sikioni kwa Amisa. Tulikwenda hivyo, sikio kwa sikio, na sifa yetu ikapanda.

Ndipo akaja Cadette.

Faradji, mtoto wa Amisa, anabeba bidhaa kwa pikipiki kati ya hapa na Salamabila. Alipeleka sabuni huko kwenye zahabu, akarudi na mchumba. Wazazi wa msichana walitoka upande wa Bukavu wakifuata machimbo. Mama yake anawapikia wachimbaji. Ni Wakristo, watu wa heshima, lakini hapa Kasongo Cadette hakuwa na shangazi, hakuwa na binamu, hata wa kumsuka nywele alitafutiwa. Nani angeinama sikioni kwake? Mimi, bila shaka. Lakini Amisa ananijua.

"Yaya," aliniambia asubuhi ya siku ya saba, maana ananiita dada mkubwa, amesimama mlangoni kwangu na harufu ya kitunguu mikononi. "Apa."

"Niape nini?"

"Kwamba hutamuambia. Wengine wote nilijua mama zao. Huyu simujue. Anatoka kwenye zahabu, kule mukono ya mutu inalala ndani ya mufuko ya mwenzake. Nataka nimujue kweli. Nitamuachia nyumba yangu, yaya, nitamuachia na mutoto yangu."

Nikaapa. Nilitaka kucheka, lakini macho yake hayakuwa na mchezo. Na jambo lingine lilinizuia. Faradji alikuwa amepita kwangu kabla ya kwenda Kabambare. Wanaume hawaambiwi habari ya nyungu, lakini wanainusa. Ananiita koko, yaani bibi, kwa ajili ya miaka yangu. Alishika kofia yake akasema, "Koko, wakimurudisha Cadette, mimi njo nitamupeleka. Lakini nikishafika Salamabila sitageuza pikipiki." Faradji ni mtoto wa pekee wa Amisa aliyebaki. Kwa hiyo mle ndani ya nyungu hakukuwa na samaki tu.

Samaki mwenyewe, jamani! Kambale wa Nyangwe, mnene kama mkono wa fundi seremala. Amisa alimkata vipande kumi na viwili, akamlaza katika mawese mekundu na pilipili na majani ya kitunguu. Tulihesabu wanne: Amisa, mimi, wifi yetu Mwayuma na mama mmoja wa ukoo. Mwayuma alihesabu mara mbili. Yeye ni dada ya waume zetu, na alikuwa na msichana wake aliyemtaka kwa Faradji, kwa hiyo alihesabu kwa mapenzi makubwa.

Baada ya sala ya adhuhuri walitoka wote kwa kelele, "Sisi tunaenda kilio, mukwe, uchunge nyumba!" Mimi nilikuwa nimekwisha kujipenyeza depo kwa mlango wa nyuma. Nikasimama kati ya magunia ya mchele, pua imegusa maua ya rido. Kuna tundu moja katika kitambaa, sawasawa na jicho langu zuri.

Cadette alifagia. Akafuta viti. Akapita karibu na nyungu, akanusa, akafumba macho kidogo, akafagia tena mahali palepale alipokuwa amefagia. Mimi nikasema moyoni, sasa! Lakini alikaa tu, akatoa uzi na sindano, akaanza kushona kifungo.

Hapo jogoo akawika ndani ya kikwembe changu.

Ni simu yangu. Mjukuu mmoja aliiweka iwike kama jogoo, na mimi sijui kuiondoa. Ni Amisa, hakuweza kungoja: alipiga kutoka kwenye kilio chao cha uongo kuuliza kama mkono umeingia. Nikaifinya tumboni, ikawika. Nikaikalia, ikawika chini yangu, kwa sauti ya jogoo mgonjwa. Ilipokata, nilichungulia tundu langu. Cadette hakugeuka. Aliendelea kushona, akasema polepole kama anaongea na kifungo:

"Kasongo ni muji ya ajabu. Jogoo wanalala ndani ya mchele."

Nikashikilia pumzi. Baada ya kitambo aliinuka, akachukua beseni la nguo, akatangaza kwa sauti kubwa kama mtu wa matangazo ya kanisa, "Mimi ninaenda kufua! Nitakawia!" Akatoka nyuma kwenye pipa la maji.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa watu hunihukumu vibaya. Mimi nilitoka nyuma ya rido kwa ajili ya kazi. Jicho linatakiwa kujua vipande bado ni kumi na viwili. Nikaondoa jiwe, nikafunua kifuniko, nikahesabu. Kumi na viwili. Ningeweza kufunika pale. Lakini mvuke ulinipiga usoni, na mimi tangu chai ya asubuhi sikuwa nimekula kitu, na nyumba nzima hapakuwa na mtu wa kunitazama. Nilitazama kulia. Nilitazama kushoto. Hata picha ya marehemu mume wangu na kaka yake iko ukuta wa upande mwingine, inatazama dirisha.

Nikachukua kipande cha mkia. Kidogo tu, cha kuonja chumvi. Chumvi ilikuwa sawa. Kisha nikaona kwamba upande mmoja wa nyungu umebaki na pengo, na pengo linaonekana vibaya, nikachukua cha upande wa pili ili visawazike. Sasa katikati pakavimba. Nikapunguza katikati. Nawaambia ukweli, kila kipande kilikuwa na sababu yake nzuri, na kila sababu ilikuja mapema kidogo kuliko kipande.

Nilikuwa na kipande cha tano mkononi, kile chenye kichwa, niliposikia kandambili zake uani. Kifuniko, jiwe, mbio! Mimi wa miaka sabini na miwili, nilirudi nyuma ya rido kama msichana anayekimbia mvua. Na pilipili ya Amisa ikachagua saa ileile kunipanda puani. Nilikunja uso wote kuzuia chafya. Machozi yakanitoka. Chafya ikarudi ndani, nikaisikia ikizunguka kwenye masikio.

Cadette aliingia. Akasimama. Akatazama chini.

Nami nikatazama chini kwa tundu langu. Ee Mola wangu! Kutoka mezani mpaka kwenye rido palikuwa na njia ya matone mekundu ya mawese, moja baada ya lingine, kama kuku aliyechinjwa ametembea. Na pale njia ilipokoma, chini ya rido, palikuwa na vidole kumi vya miguu. Vyangu.

Msichana hakupiga kelele. Alichukua kitambaa chenye maji, akapiga magoti, akaanza kufuta. Tone la kwanza. La pili. Anakuja. La tano, la sita. Akafika kwenye rido. Nikangoja aifunue. Hakuifunua. Alifuta tone la mwisho, kisha akafuta na kidole changu kikubwa cha mguu, kwa sababu kilikuwa na tone. Alikifuta taratibu, kama anafuta mguu wa meza. Akaondoka, akarudi, na chini ya rido ikapenya kikombe cha maji.

Ningefanya nini? Nilikunywa.

Baadaye kidogo wanawake walirudi. Kikombe Cadette alikuwa amekwisha kukichukua. Amisa aliingia wa kwanza, akasalimia, akaketi mbele ya nyungu. Mwayuma na yule mama wa ukoo wakasimama pande mbili. Cadette aliitwa, akaketi juu ya mkeka, macho chini. Bibi-arusi siku hiyo hasemi mpaka aulizwe. Nami nikatoka nyuma ya rido, polepole, kwa heshima ya kazi yangu, mkono wa kulia umefungwa ndani ya kikwembe. Cadette aliniangalia kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza siku hiyo. Msichana ana kipaji.

Amisa akafunua. Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena, safari hii akigusa kila kipande.

"Saba," alisema.

Hakuna aliyepumua isipokuwa Mwayuma, aliyepumua vizuri kabisa. "Tano zimeruka," akasema. "Samaki wa siku hizi wana mabawa."

Amisa akanigeukia. "Jicho. Umeona nini?"

Nilikuwa nimetayarisha paka. Lakini paka gani anarudisha jiwe juu ya kifuniko? Midomo yangu ikachagua yenyewe: "Nilisinzia."

"Ulisinzia!"

"Kidogo. Joto ya depo, mudogo wangu. Na miaka."

"Basi," akasema Mwayuma, "kama jicho lilisinzia, nyungu njo itashuhudia. Ndani ya nyumba mulikuwa mutu moja tu mwenye macho wazi na mukono. Amisa, mi nilikuambia nini? Kwenye zahabu wanachimba kila kitu."

Nje tulisikia pikipiki ikiingia uani, inanguruma. Ni Faradji anatoka Kabambare. Amisa alishika kichwa. Nilimwona akizeeka palepale kwenye kiti.

"Cadette," alisema, hakumtazama, "kamata vitu vyako, mutoto yangu. Wifi, enda muambie Faradji asizime."

Ningependa kuwaambia kwamba hapo moyo wangu ulisema. Moyo wangu ulikuwa kimya kabisa, umeshiba. Kilichotokea ni kwamba msichana aliinua macho. Hakuniangalia kwa hasira, wala hakuniomba. Aliniangalia vile unavyomwangalia mtu aliyeketi juu ya kofia yako na wewe unangoja agundue mwenyewe. Nikageuza uso kwa Mwayuma, nikayasikia yale macho kwenye shavu. Nikageuza uso kwa picha ya marehemu, nikayasikia kwenye kisogo. Saa nzima mimi nilimtazama mtu na sikujua jambo hili lina uzito kiasi gani ukiwa upande wa kutazamwa. Linawasha, wallahi. Linawasha kuliko pilipili.

"Mwayuma, simama!" nikasema. "Usitoke. Angalieni mukono yangu."

Nikautoa mkono kwenye kikwembe. Ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kiwiko. Na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuanza, nikafungua pindo la kikwembe na kukiweka mezani kichwa cha kambale, nusu, na ndevu zake.

Kile kichwa kilitutazama wote.

"Yaya," Amisa akasema kwa sauti ndogo. "Wewe?"

"Mimi."

"Vyote tano?"

"Vine na nusu. Usiniongezee."

Yule mama wa ukoo ndiye aliyeanza. Alikohoa, akaziba mdomo, kisha kicheko kikamtoka puani kama filimbi. Amisa alitaka kukasirika, nilimwona anatafuta hasira yake kila upande, hakuipata. Akacheka mpaka akateleza kwenye kiti. Mimi nikacheka kwa sababu ya hofu. Faradji aliingia na kofia yake ya pikipiki, amekunja uso kwa vita, akatukuta tumelala juu ya viti.

"Iko nini?"

"Koko yako," Amisa alisema akifuta machozi, "amekula egzame ya muke yako."

Mwayuma peke yake hakucheka. "Ngojeni. Ngojeni!" akasema. "Wewe Cadette, ulimuona koko akikula?"

"Sikumuona akikula, shangazi. Niliona mawese. Na vidole."

"Na ulinyamaza?"

"Hakuna mutu aliniuliza." Akafikiri kidogo. "Na mimi ni mugeni. Nilisema pengine njo desturi ya Kasongo: koko anawekwa nyuma ya rido, halafu anaachiwa samaki."

Amisa akaanguka tena. Lakini Mwayuma alinyoosha kidole. "Munacheka, lakini egzame haiko sawa. Alijua kuna mutu! Tangu saa ngapi ulijua, wewe?"

"Tangu mwanzo, shangazi. Koko anapumua kama pompi ya velo ikijaza gurudumu."

"Muliskia! Hakugusa kwa sababu alijua anaangaliwa. Hiyo si mikono safi, hiyo ni woga. Basi mimi ninauliza, na ujibu mbele ya bwana yako na mama mukwe yako: kama koko asingekuwa pale, ungekula ao usingekula?"

Kicheko kikakatika. Lilikuwa swali baya, na zuri. Faradji akamtazama mke wake. Amisa akajiweka sawa kwenye kiti, na nikaona ule uso wake wa asubuhi umerudi, uso wa mtu anayetaka kujua kweli. Kila mmoja mle ndani alijua jibu linalotakiwa. Mtoto wa miaka mitano angelijua.

Cadette alitazama nyungu.

"Kipande kimoja, mama," alimwambia Amisa. "Ule wa mukia. Unapika vizuri sana."

Nikaziba uso. Huyu mtoto amejizika mwenyewe, nikasema. Mwayuma alifungua mikono kwa watu wote kama wakili aliyeshinda.

"Wifi," nikamwambia, "mwaka nilioolewa, nani aliinama kwenye sikio yangu akaniambia nisiguse nyungu?"

Mwayuma akashusha mkono mmoja.

"Mimi nilikuwa mutoto," akasema.

"Ulikuwa mutoto mwenye mudomo. Na Amisa, nani alikuambia?"

"Wewe, yaya," akasema Amisa, hakungoja. Akamgeukia yule mama wa ukoo. "Na wewe?"

"Mimi niliambiwa mara mbili," akajibu yule mama. "Na mutu wa pili niliona bora nimupe zawadi."

Faradji alitutazama mmoja mmoja, mdomo wazi. Sifa ya ukoo mpaka Nyangwe! Maskini, nilimwonea huruma.

Amisa aliinuka. Alikwenda jikoni, tukamsikia akisukuma vyombo, akarudi na mwiko. Alisimama mbele ya Cadette bila kutoa hotuba, ingawa siku hiyo mama mkwe huwa na hotuba.

"Sisi wote tulikuwa tunaangaliwa," akasema, "na tukajifanya hatuna njaa. Wewe unaangaliwa na watu watano, na unasema ungekula mukia." Akampa mwiko. "Kamata. Gawa, watu wana njaa."

Cadette aliupokea kwa mikono miwili. Faradji alitoka kuzima pikipiki, maana wote tulikuwa tumeisahau inanguruma uani na petroli inapotea.

Wali ulikuja. Msichana alifunua nyungu na kuanza kazi yake ya kwanza katika nyumba yetu. Vipande viwili kwa Amisa. Kimoja kwa yule mama wa ukoo. Viwili kwa Mwayuma, na Mwayuma akatazama sahani yake kama mtu aliyelipwa deni asilolidai. Kimoja kwa Faradji. Cha mwisho alijiwekea yeye. Nikanyoosha sahani yangu, nikangoja. Alinijazia wali mzuri, akachota mchuzi, akaumwaga juu yake kwa heshima zote.

"Na samaki?" nikauliza.

"Ya kwako iko tumboni, koko."

"Kuna kile kichwa, nusu."

"Nitamupa paka, asije akasingiziwa bure."

Basi nikala wali na mchuzi, mimi mkubwa wa wote mle ndani, na kila nilipoinua tonge macho ya watu watano yaliinuka nalo. Baadaye mazungumzo yaliwachukua. Faradji alieleza habari za daraja lililokatika njia ya Kabambare, Amisa akauliza, Mwayuma akageuka kumsikiliza, na kipande chake cha pili kilikuwa pale kwenye ukingo wa sahani, kando ya mkono wangu, hakina mtu.

"Koko," akasema Cadette. Hakuwa ameinua kichwa.

Nikarudisha mkono, nikakwangua mchuzi.